Dakika Mbili za Kungoja: Kanuni Ilipoitwa Mgomo

Katika mijadala yetu kuhusu utumishi wa umma, neno "kanuni" limekuwa na bahati mbaya. Likitajwa, wengi wetu hukumbuka foleni, mihuri, na faili lililokwama mezani kwa mtu. Wanasiasa nao wamelizoea hilo, na kila awamu huja na ahadi yake ya kupunguza urasimu. Sipingi. Urasimu upo na unaumiza, hasa wale wasio na jina wala ndugu ofisini. Lakini zipo kanuni za aina nyingine, ambazo kwa anayengoja huonekana kama ucheleweshaji mtupu, kumbe ndizo zinazomweka hai. Leo napenda nizungumzie mojawapo, pamoja na namna ilivyopata kuwa kiini cha mgogoro kati ya dola na watumishi wake. Ni kanuni ya kuziachanisha ndege zinazoruka.

Msomaji aliyepata kusafiri kwa ndege anaijua hali hii. Ndege imefika mwanzo wa njia ya kurukia, abiria wamefunga mikanda, na ndege iliyotangulia imekwisha kupaa na kutokomea. Njia iko wazi kabisa. Hata hivyo rubani haondoki. Inapita dakika moja, inakaribia ya pili, na mwenye haraka zake huanza kutazama saa. Kinachongojwa hapo hakionekani kwa macho: inangojwa hewa itulie.

Bawa linapoibeba ndege, hewa ya chini yake huwa na mgandamizo mkubwa kuliko hewa ya juu. Kwenye ncha za mabawa hewa hiyo ya chini hupanda kwa kuzunguka, na nyuma ya ndege hubaki visulisuli viwili, kimoja kwa kila bawa, vikizunguka kwa mielekeo inayopingana. Ndege inapokuwa nzito zaidi na ya mwendo mdogo zaidi, visulisuli hivyo huwa na nguvu zaidi. Na hiyo ndiyo hali ya ndege kubwa inayopaa ikiwa imejaa abiria, mizigo na mafuta. Huanza pale pua inapoinuka, hushuka taratibu, husukumwa na upepo, na hufifia baada ya muda. Ndege ndogo ikiviingia mapema mno yaweza kubiringishwa kwa nguvu inayozidi uwezo wa rubani kuidhibiti, tena ikiwa karibu na ardhi, mahali pasipo na nafasi ya kujirekebisha.

Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, huzigawa ndege kwa uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa wakati wa kuruka. Nyepesi ni zisizozidi kilo 7,000. Za kati ni zile zinazozidi hapo lakini hazifiki kilo 136,000. Kuanzia kilo 136,000 ni nzito. Ndege nyepesi au ya kati inaporuka nyuma ya nzito kutoka njia ileile, kiwango cha msingi ni dakika 2. Ikiwa inaanzia katikati ya njia badala ya mwanzoni, ni dakika 3. Airbus A380, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2007, iliwekwa peke yake juu ya madaraja hayo, na ndege ya kati inayoifuata hungoja dakika 3. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Hapa walisema kweli hata kwa kipimo cha fizikia.

Kanuni hii ilichelewa kuzaliwa. Kwa miaka mingi marubani waliuhisi mtikisiko nyuma ya ndege nyingine na kuudhania kuwa ni upepo wa mapanga ya injini zake. Mambo yalibadilika Januari 22, 1970, Boeing 747 ya Pan American ilipobeba abiria kwa mara ya kwanza kutoka New York kwenda London. Ndege hiyo ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 300 wakati wa kuruka, takriban mara mbili ya Boeing 707 kubwa iliyoitangulia. Majaribio yalifanywa Marekani kupima visulisuli vyake, na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, FAA, ikaongeza umbali wa kuzifuata ndege nzito. Hata hivyo, Mei 30, 1972, huko Fort Worth, Texas, ndege ya Delta aina ya DC-9 iliyokuwa katika safari ya mafunzo ilikuwa ikitua nyuma ya DC-10 iliyogusa njia na kupaa tena. DC-9 ilibiringika karibu kabisa na ardhi, ikaanguka, na watu wote 4 waliokuwamo wakafa. Uchunguzi ulikitaja kisulisuli cha DC-10 kuwa ndicho chanzo, na baada ya hapo viwango vilikazwa zaidi.

Sitaki nimpe msomaji picha kwamba dakika hizo zina uchawi. Novemba 12, 2001, Airbus A300 ya American Airlines iliruka kutoka New York chini ya dakika mbili baada ya Boeing 747 ya Japan Airlines. Waongozaji ndege walikuwa wamezingatia umbali uliotakiwa kati ya ndege hizo mbili, ambazo zote ni nzito. Airbus ilikutana na visulisuli vilivyobaki, rubani msaidizi akaukanyaga usukani wa mkia kwa nguvu, kushoto na kulia, mara kadhaa, mpaka bawa la wima la mkia likang'oka. Walikufa watu 265, wakiwamo 5 waliokuwa ardhini. Wachunguzi waliitaja mikanyago hiyo iliyopita kiasi, pamoja na muundo wa usukani wa ndege ile na mafunzo ambayo rubani alikuwa amepewa na shirika. Usalama hutegemea mambo mengi yaliyoshikana. Nafasi kati ya ndege na ndege ni mojawapo tu, lakini ndiyo inayompa rubani muda wa kurekebisha mengine yakiharibika.

Kisha kuna hesabu, na hesabu hii haihitaji shahada. Ndege zikiruka kwa kuachana dakika 2 kutoka njia moja, kwa saa zitaruka 30. Zikiachana dakika 1, zitaruka 60. Katika tofauti hiyo kuna nauli, mafuta, mishahara ya marubani, na sifa ya uwanja. Kila sekunde inayoondolewa ina thamani kwa mtu fulani, na mtu huyo kwa kawaida ana simu ya waziri. Swali la kisiasa ninaloliona mimi ni hili: ni nani mwenye mamlaka ya kumwambia angoje, na ni nini kinachomlinda anayesema hivyo?

Jibu la swali hilo liliandikwa Marekani, kwa gharama kubwa. Juni 30, 1956, ndege mbili za abiria, moja ya TWA na nyingine ya United, ziliruka kutoka Los Angeles zikiachana kwa dakika 3. Uwanjani hapakuwa na tatizo lolote. Saa moja na nusu baadaye ziligongana juu ya bonde kuu la Grand Canyon, katika anga ambayo sheria haikumtaka mtu yeyote ardhini azitenganishe. Watu 128 walikufa. Taifa lilitikisika, fedha za rada zikapatikana, na mwaka 1958 ikatungwa sheria iliyoanzisha chombo kilichokuja kuwa FAA. Desemba 16, 1960, ndege nyingine mbili ziligongana juu ya jiji la New York, na safari hii walikufa watu 134. Tangu hapo ilieleweka kwamba mwongozaji ndege, mtumishi wa serikali anayekaa mnarani au katika chumba chenye giza mbele ya kioo cha rada, ndiye anayeubeba mwanya huo kichwani mwake, dakika baada ya dakika, kwa zamu nzima.

Ila kuelewa ni jambo moja na kulipia ni jambo jingine. Katika miaka ya 1960 ndege za jeti ziliongezeka haraka kuliko waongozaji na vifaa vyao. Viwango vilikuwa vimeandikwa: kwenye rada, maili 3 za baharini karibu na uwanja na maili 5 mbali nao. Lakini foleni za ndege zilikuwa ndefu, mashirika yalikuwa yakilalamika, na waongozaji walijifunza kubana. Umbali wa maili 3 ukawa 2 na nusu. Ndege ikaruhusiwa kuruka sekunde chache mapema. Wakubwa walinyamaza, kwa sababu mambo yalikuwa yakienda. Hakuna aliyetoa amri ya kuvunja kanuni; kilichotolewa ni ratiba isiyowezekana bila kuivunja. Naomba wasomaji wangu walio maofisini wasimame hapa kidogo, kwa maana nadhani hali hii hawahitaji kusimuliwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1968 waongozaji walianzisha chama chao, PATCO. Sheria ya Marekani iliwakataza watumishi wa serikali ya shirikisho kugoma, ingawa amri ya Rais John F. Kennedy ya mwaka 1962 ilikuwa imewaruhusu kujiunga na vyama na kujadiliana. Basi wangefanya nini? Julai 1968 viongozi wa PATCO walitangaza mpango walioupa jina la Operesheni Usalama wa Anga. Wanachama hawakuambiwa waache kazi. Waliambiwa wafanye kazi kama kitabu kinavyosema. Maili 3 ziwe 3. Muda ulioandikwa ungojwe wote.

Usafiri wa anga ukakwama. Julai 19, 1968, katika eneo la New York peke yake, zaidi ya ndege 1,900 zilicheleweshwa kuruka au kutua, nyingine kwa muda wa hadi saa 3. Magazeti na serikali waliita jambo hilo kwa jina ambalo sisi kwa Kiswahili tunalo tayari na tunalijua vizuri: mgomo baridi.

Hapo ndipo penye uzito wa historia hii. Mfumo ambao unakwama pale kanuni zake zinapofuatwa ni mfumo uliojengwa juu ya uvunjaji wa kanuni hizo. Mwongozaji aliyebana umbali kila siku aliitwa mchapakazi. Siku alipouachia umbali kamili, kama alivyofundishwa na kama alivyoapa, aliitwa mkorofi. Na laiti ajali ingetokea katika zile siku za uchapakazi, kitabu kingefunguliwa mbele yake na kuulizwa kwa nini hakukifuata. Mtumishi wa namna hii hana siku ya kuwa salama. Akifuata kanuni, anahujumu; akiivunja, ni uzembe wake binafsi.

Serikali ya Marekani ilijibu kwa njia mbili, na zote zinafundisha. Njia ya kwanza ilikuwa ya busara. Kuanzia Juni 1, 1969, FAA iliweka kikomo cha safari kwa saa katika viwanja vitano vilivyosongamana zaidi: vitatu vya eneo la New York, O'Hare cha Chicago, na kile cha Washington. Kwa maneno mengine, serikali ilikubali hadharani kwamba ratiba zilikuwa zimezidi uwezo, na kwamba dawa ilikuwa kupunguza ratiba badala ya kuminya umbali. Sidai kwamba mgomo baridi peke yake ndio ulioleta uamuzi huo. Msongamano ulikuwa umeonekana na kila mtu. Lakini kabla ya kiangazi kile, gharama ya msongamano ilikuwa imefichwa mabegani mwa watu wachache. Walipoiweka mezani, ilibidi ihesabiwe.

Njia ya pili ilikuwa ya nguvu, na ilichukua muda kufika. Uhusiano uliendelea kuharibika. Mwaka 1970 waongozaji wapatao elfu mbili na zaidi hawakufika kazini kwa siku kadhaa wakisema wanaumwa. Mwaka 1980 PATCO kilimuunga mkono Ronald Reagan, mtu ambaye mwenyewe aliwahi kuwa rais wa chama cha waigizaji, naye aliwaandikia kuahidi ushirikiano kuhusu vifaa na idadi ya waongozaji. Agosti 3, 1981, mazungumzo yalipovunjika, takriban waongozaji 13,000 waligoma waziwazi wakidai mshahara, wiki fupi ya kazi na mafao bora ya kustaafu. Reagan aliwapa saa 48. Muda ulipokwisha aliwafukuza waongozaji 11,345. Wasimamizi, waliokataa kugoma na waongozaji kutoka jeshini wakashika nafasi zao, na chama kikafutiwa utambuzi mwezi Oktoba mwaka huohuo. Katazo la kuwaajiri tena serikalini lilidumu hadi mwaka 1993, Rais Bill Clinton alipoliondoa.

Waandishi wengi huisimulia Agosti 1981 kama siku ambayo vyama vya wafanyakazi vya Marekani vilivunjwa mgongo, na hawakosei. Wapo pia wanaosema, kwa hoja yenye nguvu, kwamba waongozaji wale walivunja kiapo na sheria, na kwamba dola inayopuuza sheria yake hujidharau. Nakubali uzito wa hoja hiyo. Ninachoomba ni kwamba tutazame serikali ilifanya nini siku iliyofuata. Ikiwa na waongozaji wachache, ilipunguza safari katika viwanja vikubwa na kuziweka ndege chini mpaka nafasi ipatikane. Yaani serikali ileile iliyowafukuza ililazimika kuzingatia jambo lilelile walilokuwa wakilitetea mwaka 1968: safari zisizidi uwezo wa wanaoziongoza. Fizikia ya visulisuli na hesabu ya uchovu wa binadamu hazijali nani ameshinda mgomo.

Suala halikuishia hapo. Januari 25, 2019, serikali ya Marekani ikiwa imefungwa kwa siku 35 kwa sababu ya ugomvi wa bajeti, na waongozaji wakifanya kazi bila mshahara, watu wachache tu walikosekana katika vituo viwili vya kuongozea ndege. Safari za kuingia uwanja wa LaGuardia, New York, zikasimamishwa kwa muda. Siku hiyohiyo makubaliano ya kuifungua serikali yalipatikana. Mwishoni mwa 2025 serikali ilipofungwa tena, FAA ilizipunguza safari katika viwanja vikubwa 40 kwa sababu hiyohiyo ya uhaba wa waongozaji.

Baadhi yenu mtasema, ndugu wasomaji, kwamba basi natetea kanuni hata zikipitwa na wakati. La. Mwaka 2012 FAA ilianza kutumia katika uwanja wa Memphis mgawanyo mpya wa madaraja ya ndege, uliotazama uzito pamoja na upana wa mabawa, kutokana na miaka mingi ya vipimo vya visulisuli. Baadhi ya nafasi zilipunguzwa, nyingine zikabaki, na uwanja ukaweza kupitisha ndege nyingi zaidi. Kanuni si msahafu. Lakini kuna tofauti kati ya kanuni iliyofupishwa na ujuzi, hadharani, kwa maandishi, na mtu akiwajibika kwa sahihi yake. Na kanuni iliyofupishwa kimyakimya na mtumishi aliyechoka kwa sababu mkubwa wake amemkazia macho.

Kwa nini mhadhiri wa Tanzania ajishughulishe na haya? Kwa sababu yapo pia katika vitabu vyetu vya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 77, inaorodhesha huduma muhimu, na katika orodha hiyo, pamoja na maji, umeme, afya na zimamoto, upo uongozaji wa ndege. Sheria ya mahusiano ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inauweka humohumo. Maana yake ni kwamba mgomo kwao umezuiwa, na sababu yenyewe inaeleweka: hatuwezi kuziacha ndege zijitafutie njia.

Lakini anayenyang'anywa haki kwa sababu kazi yake ni muhimu mno, anadai kitu badala yake. Anadai kwanza kwamba idadi yao itoshe, ili kanuni iweze kufuatwa bila muujiza. Anadai kwamba mgogoro wake usikilizwe haraka na chombo ambacho mwajiri hakiamrishi. Na zaidi ya yote anadai kwamba, siku atakapofanya kazi yake kama ilivyoandikwa, asiitwe mgomaji. Hili la mwisho halihitaji bajeti. Linahitaji maandishi ya mstari mmoja katika kanuni za utumishi: kwamba hakuna mtumishi atakayeadhibiwa, kuhamishwa wala kunyimwa cheo kwa kuzingatia kiwango cha usalama, hata kama kufanya hivyo kumemchelewesha mtu mkubwa.

Muuguzi anayekataa kuhudumia wodi mbili peke yake usiku, mkaguzi wa mabasi anayelizuia gari bovu asubuhi ya sikukuu, mhandisi anayegoma kutia sahihi kwenye jengo ambalo zege lake halijakauka: wote hao wanalinda dakika zao mbili. Wanafunzi wangu ambao kesho mtakuwa wakuu wa idara, ulizeni jambo moja mtakapokabidhiwa ofisi. Ulizeni ni kipi kingekwama hapa iwapo kila mtu angefuata kanuni kwa wiki moja. Mkilijua, anzeni kazi yenu hapo.